Duka la Sukari na Sanda: Jinsi ya Kutenganisha Pesa za Duka, za Mazishi na za Mchango

Leo tunaingia kwenye duka ambalo karibu kila mtaa wa Mombasa bara unalijua, ila hakuna anayependa kulizungumzia. Ni duka la familia linalouza unga, sukari, mafuta na sabuni, na kwenye rafu ya nyuma lina sanda, ubani, karafuu maiti, marashi na pamba. Wengine wana uwanja mdogo pembeni ambapo fundi anachonga majeneza.

Duka tutakalolitumia hapa ni la mfano. Tumeliunda sisi kwa ajili ya somo, na bei zote ni za kufanyia hesabu tu. Tuliweke Likoni, njia ya kwenda Mtongwe, ingawa lingeweza kuwa Mlaleo kule Kisauni au Magongo kule Changamwe. Mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu. Anasaidiwa na mkewe, binti yao mkubwa na mpwa anayeendesha bodaboda.

Tumelichagua duka hili kwa sababu makosa ya pesa yanayotokea humo hutokea pia kwenye biashara nyingine nyingi. Tofauti ni kwamba hapa kosa linaumiza zaidi. Mteja amefiwa, na mwenye duka anaona aibu kudai.

Kwa nini bidhaa hizi zinakaa pamoja

Si jambo geni duniani. Karne ya 19 huko Marekani na Uingereza, seremala aliyetengeneza meza na makabati ndiye aliyetengeneza jeneza pia, kwa kuwa mbao na vifaa alikuwa navyo tayari. Kwetu sababu iko karibu zaidi na jikoni. Anayekuja alfajiri kutafuta sanda ndiye atakayerudi mchana kwa sukari, majani ya chai, mchele na mafuta, kwa kuwa watu wanakaa tanga na hawawezi kukaa bila chai. Siku ya hitima atarudi tena. Ukiwa na vitu vyote mahali pamoja unampunguzia mfiwa safari, na hiyo ni huduma kubwa kwa mtu ambaye kichwa chake hakiko sawa.

Sababu ya pili ni ujirani. Mwenye duka anaijua familia, anajua nani mkubwa wa nyumba, na anajua nani wa kuulizwa. Mkopo wake hauna fomu. Hiyo ndiyo nguvu ya duka hili, na ndipo udhaifu wake unapoanzia.

Mazishi ya saa chache, mazishi ya wiki mbili

Mitaa ya bara imechanganyika. Nyumba moja ni Wadigo wa Likoni, ya pili ni familia iliyotoka Ukambani au Nyanza kufuata kazi ya bandari. Kwa hiyo duka letu lina wateja wa aina mbili, na kila mmoja ana mwendo wake wa pesa.

Familia ya Kiislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mahitaji ni machache na yanajulikana: sanda ya vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, karafuu maiti, marashi, ubani, pamba, na mbao za kuzibia mwanandani. Jeneza ni la msikiti. Linabeba maiti na kurudi. Gharama si kubwa, lakini hakuna muda wa kuchangisha. Mtu anakuja namna hii:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

"Baba ametutoka usiku."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Makiwa, mwanangu. Mnazika saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri. Ami anakuja kutoka Kwale, pesa atakuja nazo yeye."

Sasa nani atamwambia kijana huyu asubiri Ami afike ndipo akatiwe sanda? Hakuna. Mzee anakata, anafunga, anampa, na kuandika kwenye daftari. Na hivyo ndivyo inavyofaa.

Familia inayosafirisha maiti kwenda bara ina mwendo mwingine. Mwili unakaa mochari kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Kuna vikao vya matanga jioni, kundi la WhatsApp, mweka hazina, jeneza, gari la kusafirisha, na chakula cha safari. Hapa pesa ni nyingi na muda upo, lakini pesa yenyewe haipo kwa mtu mmoja. Inatoka kwa watu mia, mia mbili huku, elfu moja kule.

Kwa hiyo mteja wa kwanza anahitaji kuaminiwa kwa kiasi kidogo kwa muda mfupi. Wa pili anahitaji utaratibu. Duka likiwatendea wote sawa, litampa wa pili imani iliyomfaa wa kwanza, na hapo ndipo rafu zinapoanza kuwa tupu.

Faida ya daftarini na rafu tupu

Tufanye hesabu. Tuseme jeneza moja linamgharimu mzee wetu shilingi 14,000, yaani mbao, vitambaa, vishikio, rangi na ujira wa fundi. Analiuza shilingi 20,000. Faida ni 6,000. Mpaka hapo sawa.

Familia inatoa shilingi 8,000 na kuahidi kumaliza baada ya mazishi. Fundi na mwenye mbao wanataka 14,000 zao leo. Mzee anachukua wapi 6,000 zilizobaki? Kwenye pesa ya unga na sukari.

Mwezi huo mtaa unapata misiba mitatu ya namna hiyo. Daftari linaonyesha faida ya 18,000, na mzee anajiona biashara imempendeza. Lakini pesa iliyotoka kwenye rafu ni 18,000 pia, na anadai watu 36,000. Kama mtaji wa bidhaa za dukani ulikuwa 60,000, sasa umebaki 42,000. Mama wa jirani anakuja kutafuta unga, haupo. Anaenda duka la pili, na pengine harudi.

Sasa endelea. Familia moja kati ya tatu ikishindwa kumaliza 12,000 zake, faida halisi ya majeneza matatu inashuka kutoka 18,000 hadi 6,000. Zikishindwa mbili, mzee amepata hasara ya 6,000, juu ya kazi yote na usiku wote wa kutolala. Na hatuzungumzii wateja wabaya hapa. Tunazungumzia watu waliofiwa na mtu aliyekuwa akileta mshahara nyumbani.

Dawa yake ni kanuni moja rahisi: malipo ya kwanza yasipungue gharama ya kitu chenyewe. Kwa mfano wetu, jeneza halitoki bila 14,000. Zile 6,000 za faida ndizo mzee anaweza kukopesha, kwa kuwa hata zisiporudi, fundi ameshalipwa na rafu haijaguswa. Ukitaka kusaidia, saidia kwa faida yako, si kwa mtaji wa unga. Na kama familia kweli haina 14,000, mwonyeshe jeneza la bei nafuu zaidi. Kumwambia mtu ukweli mapema ni kumheshimu.

Kwa mteja wa sanda, kanuni ni tofauti. Kiasi ni kidogo, na muda haupo. Weka akiba maalumu ya kukopesha, tuseme thamani ya sanda tatu kwa wakati mmoja. Ukishazitoa tatu ambazo hazijalipwa, unajua una kazi ya kufuatilia kabla ya kutoa ya nne. Hata wema una bajeti yake.

Kila pesa na mlango wake

Tangu huduma ya pesa kwa simu ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, wenye maduka wengi wamezoea kupokea kila kitu kwenye simu moja: malipo ya mkate, deni la jeneza, karo aliyotumiwa mtoto, na mchango wa harusi ya binamu. Jioni salio linasoma 31,000 na hakuna anayejua ni za nini.

Sisi tunapendekeza milango mitatu.

*Mlango wa kwanza ni tili ya duka.* Unga, sukari, sabuni, mafuta, yote yalipwe hapa. Hapa ndipo unapoona kama duka linapumua au la.

*Mlango wa pili ni wa mazishi.* Tili haimuulizi anayelipa namba ya akaunti, inapokea tu. Ukiwa na misiba miwili wiki moja, utapata malipo ya watu kumi na usijue nani amelipia jeneza gani. Paybill inauliza namba ya akaunti. Mpe kila mteja namba ya risiti yake, mfano 0417, awaambie na ndugu zake waiandike hiyo hiyo wanapolipa. Kila shilingi itaingia ikiwa na jina lake. Kama biashara yako bado ni ndogo kwa Paybill, basi chukua tili ya pili ya mazishi peke yake, na andika kila malipo kwenye risiti siku ile ile.

*Mlango wa tatu ni simu yako binafsi.* Hiyo ni ya nyumbani. Ukitaka pesa ya duka, jilipe kiasi unachojua, siku unayoijua, kama vile ungemlipa mfanyakazi.

Mchango wa msiba si pesa ya duka

Mara nyingi familia humwambia mwenye duka, "Mzee, wewe unaaminika, tukusanyie mchango kwako." Ni heshima kubwa, lakini tunakushauri uikatae kwa upole. Ukiwa muuzaji na mweka hazina wa msiba mmoja, siku hesabu ikipungua mia tano utaulizwa wewe, na hutakuwa na wa kukutetea. Wao wachague mweka hazina wao, wewe ulipwe kwa risiti.

Na wewe unayesoma hapa huna duka, ila umewahi kuchaguliwa kuwa mweka hazina, haya ni yako:

Kwanza, usipokee mchango kwenye laini yenye deni la mkopo wa kujaliza salio. Fuliza, kwa mfano, iliyoanza Januari 2019, hujilipa yenyewe mara tu pesa inapoingia. Haijui kama pesa hiyo ni mshahara wako au ni ya jeneza la mjomba wa mtu. Wapo watu waliopoteza heshima mtaani kwa jambo ambalo hawakulikusudia. Lipa deni kwanza, au tumia laini ya mtu asiye na deni.

Pili, fahamu kwamba akaunti ya simu ina kilele. Mwaka 2020 kiwango cha juu cha salio kilipandishwa hadi shilingi 300,000, na Agosti 2023 kikafika 500,000. Msiba mkubwa wenye gari, mochari na safari ya bara unaweza kukaribia hapo. Pesa ikijaa, mchango wa anayefuata hautaingia. Lipa watoa huduma kadiri pesa inavyoingia, moja kwa moja kutoka kwenye simu kwenda kwenye tili au Paybill zao. Kila malipo yatakuwa na ujumbe wake, na ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Tatu, tuma orodha kwenye kundi kila jioni: nani ametoa, ngapi, kilicholipwa, kilichobaki. Usingoje kuulizwa. Pesa ikionekana kila siku, watu hawapati nafasi ya kunong'ona.

Ujumbe wa malipo si malipo

Matapeli wanajua kwamba kwenye msiba watu hawahoji. Mtu anaingia na macho mekundu, anaonyesha simu: "Mzee, nimeshatuma, angalia hii." Ujumbe unafanana kabisa na wa kweli, ila umeandikwa na mtu. Mwenye duka anaona vibaya kuuliza, anatoa mzigo.

Usiangalie simu ya mteja. Angalia ujumbe uliokuja kwenye simu *yako*, kisha angalia salio la tili yako. Huo ndio ukweli peke yake. Na kama unaona aibu, jifunze sentensi moja uiseme kwa kila mtu, awe jirani au mgeni: "Pole sana mwanangu. Kaa hapo upumzike kidogo, nangoja ujumbe wangu uingie." Ikiwa kawaida kwa wote, hakuna atakayehisi amedharauliwa.

Mchezo wa pili ni wa "nimekosea kutuma, nirudishie." Usirudishe kwa mkono kwenda namba unayotajiwa. Mwambie aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja ya kampuni iliyotuma pesa. Ukirudisha mwenyewe, naye akaomba muamala wake ubatilishwe, pesa inaweza kukutoka mara mbili.

Siku mwenye duka mwenyewe anapoondoka

Tumefika kwenye sehemu ngumu. Watu wa Likoni hawahitaji kufundishwa kwamba kifo hakipigi hodi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe kilizama umbali mfupi tu kutoka ufukweni, na watu 272 wakafa. Walikuwa watu wanaoenda zao kazini asubuhi.

Sasa fikiria duka letu la mfano. Mzee amewazika watu miaka thelathini. Anajua bei ya kila mbao na urefu wa kila sanda. Asubuhi moja haamki. Tili imesajiliwa kwa kitambulisho chake, PIN iko kichwani mwake, pesa ya duka, ya mazishi na akiba ya familia zote ziko kwenye laini yake. Binti yake yuko kaunta, sanda ya babake iko kwenye rafu nyuma yake, lakini shilingi moja hawezi kuigusa kihalali.

Wengi hapa hufanya kosa la haraka: mmoja anaikisia PIN, au alikuwa anaijua, anatoa pesa "kabla laini haijafungwa." Tunaelewa uchungu wake. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu asiye na idhini kuingilia mali ya marehemu. Ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Zaidi ya sheria, kuna ndugu. Pesa iliyotolewa usiku na mmoja itaulizwa na watano.

Njia ya kufuata ni hii. Kifo kiandikishwe: hospitalini hutolewa fomu ya D1, na kifo cha nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu kwa fomu ya D2. Hapo hupatikana kibali cha mazishi, na baadaye cheti cha kifo. Kwa cheti hicho familia inaanza kuomba haki ya kusimamia mali, na kwa Waislamu Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya mirathi. Gharama za mazishi za kiasi hulipwa kutoka mali ya marehemu; kifungu cha 83 kinaitaja kuwa mojawapo ya kazi za msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo tunza kila risiti. Ndugu aliyelipia mazishi kutoka mfukoni mwake ana haki ya kuzionyesha.

Hayo yote huchukua miezi. Duka halingoji miezi. Ndiyo maana kazi ya kweli ni ya kabla:

1. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, na kama binti ni mshirika wa kweli, aandikwe mshirika. Biashara isiyo na jina hufa na mwenyewe.
2. Fungua tili kwa jina la biashara, na uliza namna ya kuongeza msaidizi anayeona malipo. Msaidizi awe na namba na PIN yake. Usigawe yako.
3. Usiache akiba ya familia kwenye tili. Kila wiki ihamishe kwenda akaunti ya benki au SACCO, na hakikisha jina la mrithi uliyemteua liko sawa. Wengi waliandika jina hilo kabla hata ya kuoa.
4. Andika karatasi moja: nani anatudai, tunamdai nani, tili ni ipi, Paybill ni ipi, akaunti iko wapi. PIN isiandikwe. Watu wawili nyumbani wajue karatasi ilipo.

Kazi ya nyumbani

Usiku wa leo, baada ya kufunga, keti na wenzako wa dukani kwa nusu saa. Chukueni daftari la madeni na mjibu maswali matatu. Pesa ngapi ziko nje, na ngapi kati ya hizo ni gharama, ngapi ni faida tu? Tili yetu iko kwa jina la nani? Na mmoja wetu asipoamka kesho, nani atafungua duka saa kumi na mbili, na ataweza kupokea malipo?

Swali la tatu likileta kimya mezani, msiogope. Wateja wenu huja na kimya hicho hicho kila alfajiri, nanyi huwapokea vizuri. Jipokeeni nanyi vivyo hivyo.

Ukitaka msaada wa kufungua tili ya pili, kuongeza msaidizi au kubadilisha jina la usajili, tembelea wakala au duka letu lililo karibu nawe ukiwa na kitambulisho chako halisi. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, hata siku ya msiba.

Tukutane kwenye somo lijalo.